Mng'ao wa Dari ya Kwembago

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya watu ambao mpaka leo tunawaamkia njiani, palikuwa na kijiji cha milimani kiitwacho Kwembago. Nyumba zake zilikaa mgongoni mwa mlima kama mtoto aliyebebwa. Masika ya mwaka mmoja yakanyesha siku tisa bila kupumua. Siku ya kumi, alfajiri, mlima ukaachia. Ukashuka na migomba, ukashuka na mawe, ukashuka na kitongoji kizima cha juu pamoja na watu thelathini na saba waliokuwa wamelala humo.

Walio hai wakachimba. Wakachimba kwa majembe, wakachimba kwa sufuria, wakachimba kwa kucha. Wakapata vyombo, wakapata nguo, wakapata mbuzi aliyekufa akiwa wima. Watu hawakuwapata. Wale thelathini na saba hawana kaburi hata moja, na mtu asiye na kaburi, utakwenda kumsalimia wapi?

Kulikuwa na mchoraji kijijini, Fundi Hizza, mzee aliyeishi kwa kuchora vichwa vya watu kwenye mabango ya vinyozi. Akasimama mbele ya wafiwa akasema, "Ardhi imewaweka chini. Mimi nitawaweka juu."

Ukumbi wa kijiji ulikuwa na dari ya mbao, iliyogawanywa miraba. Kuta zilikuwa zikitoka jasho la unyevu, lakini dari ilikuwa kavu. Fundi Hizza akajenga jukwaa la miti, akalala chali juu yake miaka miwili. Aliyekuwa na picha alileta picha. Asiyekuwa nayo alikaa chini akasimulia pua ilivyokuwa, nyusi zilivyokuwa, na mzee akachora mpaka msimuliaji akalia akasema, "Ndiye." Mwisho akapaka vanishi juu ya rangi, mikono mitatu, ili unyevu usizile nyuso. Dari ikang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Basi ikawa desturi. Ijumaa walikuja waliotoka msikitini, Jumapili walikuja waliotoka kanisani. Wakatandika mikeka, wakalala chali, kila mtu chini ya mtu wake, wakatazama juu.

Mwenye ufunguo wa ukumbi alikuwa Bi Mwanaheri. Yeye ndiye aliyefagia, yeye ndiye aliyekunja mikeka, na mraba wa tatu kutoka mlangoni ulikuwa wa mwanawe, Sikudhani, msusi aliyeishi kitongoji cha juu, aliyekufa akiwa na miaka ishirini na mbili. Fundi Hizza alimchora akicheka, na mwanya wake wa mbele wote unaonekana. Kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, Bi Mwanaheri aliutazama ule mwanya akasema, "Umeamkaje, mama?" Kisha ndiyo akaanza kazi.

Sasa sikilizeni shida ilipoingilia. Serikali ya kijiji ilijenga ukuta mnene wa mawe upande wa mlimani, kuuzuia udongo usije tena. Ukuta ukawaokoa watu, lakini ukaziba madirisha ya ukumbi. Humo ndani kukawa giza mchana. Watu wakaleta taa za mafuta, na moshi ukaanza kuzipaka nyuso masizi. Bi Mwanaheri akapiga marufuku taa za mafuta. Mwaka mzima wakawa wanalala chini ya giza, wanatazama mahali wanapojua kwamba wapo.

Ndipo umeme ulipofika Kwembago, na kamati ikamwita Kiondo Shelukindo, fundi umeme, kijana wa hapo hapo. Kiondo akaleta taa za utepe, zile ndefu kama mkanda, zenye vitone vya mwanga vidogo kama punje za ulezi, unazibandua karatasi ya nyuma na kuzibandika. Akazibandika kuizunguka dari yote, pembeni kabisa, zikigusana na mbao. Ijumaa watu wakajaa. Wakalala chali. Kiondo akabonyeza swichi.

Ukumbi ukawa mweupe. Watu wote wakafumba macho kwa mara moja.

Walipoyafumbua hawakuona nyuso. Waliona vanishi. Mwanga uliipiga ile vanishi na kurudi machoni mwao kama jua la saa sita linavyorudi kutoka kwenye bati jipya. Na katikati ya mng'ao ule, vitone vya utepe vilijipanga safu safu juu ya nyuso. Huyu vimemtoboa macho, huyu vimemfunga mdomo. Bi Mwanaheri alimtafuta mwanawe. Akahama mkeka, akahama tena. Pale palipokuwa na mwanya palikuwa na mstari mweupe unaochoma. Akajifunika uso kwa kanga.

"Giza liliwaficha," alisema, "na sasa mwanga unawaficha. Wanangu, tuwaone kwa kitu gani?"

Kiondo alizima swichi, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ameshika kichwa.

Wiki ile kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alisema zing'olewe kabisa, wakamuuliza, turudi gizani? Mwingine alisema dari isuguliwe kwa msasa, vanishi itoke. Fundi Hizza akasimama, na mkono wake ulikuwa unatetemeka, kwa sababu uzee ulikuwa umeanza kuuchukua.

"Ukisugua vanishi utasugua na ngozi yao," alisema. "Ile vanishi ililowa ndani ya rangi. Mguseni mmoja kwa msasa, mtakuwa mmemuua mara ya pili."

Mzee akaendelea.

"Kule juu kuna mraba mmoja mtupu, mnaujua. Mkono wangu huu bado una uso mmoja. Nimeupima, una uso mmoja tu, sina wa pili. Atakayetuondolea mng'ao huu, atakayeturudishia nyuso zetu, nitamchorea pale mtu wake amtakaye, awe nani. Na mwamuzi awe Mama Sikudhani, maana yeye ndiye anayeziona kila siku."

Watu wakasema, "Na iwe hivyo." Bi Mwanaheri naye akasema, "Na iwe hivyo," bila kujua anajifunga mzigo gani.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Kiondo mwenyewe. Alifunga kifaa cha kupunguza mwanga, cha kuzungusha kwa vidole. Akapunguza mpaka ukumbi ukawa kama wakati wa magharibi. Nyuso zikafifia, lakini vile vitone vikabaki vimesimama palepale, vimekodoa. Akaongeza, vikachoma. Akapunguza, vikakodoa. Akakata tamaa.

Wa pili alikuwa Gervasi Mhina. Huyu hakuwa mtu wa Kwembago. Alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, mtu mzima, mkimya, mwenye kituo chake cha kunywea uji pale barabarani. Aliomba ruhusa kwa Bi Mwanaheri, akaingia, akalala chali sakafuni. Hakutandika mkeka. Alilala hapa, akatazama. Akasogea hatua moja, akatazama. Alifanya hivyo siku tatu, lori limeegeshwa, chai ya watu inasubiri. Bi Mwanaheri alifagia akimzunguka.

Siku ya tatu akaketi.

"Mama," alisema, "niazime kioo."

Akampa kioo cha kujitazamia. Gervasi akamwambia alale, akakiinua juu yake.

"Unaona nini?"

"Naona taa ya kule pembeni."

Akakiinamisha kidogo. "Na sasa?"

"Siioni."

"Taa haijahama, wala kioo hakijapungua kung'aa. Ni njia tu imepotea. Mimi miaka ishirini na sita naendesha milimani. Gari linalokuja mbele yako na taa kali, ukizitazama umekufa. Huwezi kuzima taa za mwenzako. Unachoweza ni kutokaa kwenye njia ya mwanga wake. Hii dari ni kioo, mama. Hatuwezi kuifanya isiwe kioo. Lakini tunaweza kuamua kioo hiki kitazame nini. Utepe ushuke chini ya dari, shubiri mbili. Ufichwe nyuma ya ubao, ili anayelala asiuone. Na uso wake ugeuzwe utazame ukuta uliopakwa chokaa. Chokaa haing'ai. Mwanga uupige ukuta kwanza, uchoke, ndipo upande darini."

Ndivyo Gervasi alivyosema, akarudisha kioo, akaenda kuwasha lori lake.

Kusema ni kusema, na kutenda ni kutenda. Aliyetenda alikuwa Kiondo. Ule utepe ulikuwa umeshika mbao kwa gundi kali, na ukiuvuta kwa haraka ulitoka na rangi. Kiondo akapanda jukwaani na kitambaa na birika la maji ya moto. Akalowesha gundi, akasubiri, akabandua urefu wa kidole. Akalowesha, akasubiri, akabandua urefu wa kidole. Dari ile kuizunguka ni hatua themanini. Siku kumi na moja shingo yake ilikuwa imepinda nyuma, na haikudondoka hata chembe moja ya rangi. Kisha akaranda mbao za ubao wa kufichia, akazipigilia ukutani pande zote nne, akageuza utepe utazame chokaa. Siku ya kumi na tisa mguu wa jukwaa ukateleza. Kiondo alikuwa karibu na mraba wa Sikudhani. Angeweza kujishikilia kwenye dari. Bi Mwanaheri alikuwa chini na ndoo ya maji, akauona mkono wake ukienda juu, ukafika karibu kabisa na uso wa mwanawe, kisha ukarudi. Hakushika. Alianguka na mikono mitupu, akavunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Kile kiwiko mpaka leo hakinyooki.

"Kwa nini hukushika, mwanangu?" Bi Mwanaheri alimuuliza akiwa amempakata kichwa.

"Ningemkwangua, mama," alisema Kiondo.

Baada ya hapo wakawasha taa. Mng'ao mkubwa ulikuwa umekufa. Watu wakalala wakafungua macho bila kuumia. Nyuso zikaanza kuonekana, lakini nusu. Kwa sababu walikuwa wameificha taa isionwe na watu, ila hawakuificha isionwe na dari. Dari ilichungulia nyuma ya ule ubao kutoka juu, ikaviona vitone vyote, ikavionyesha kwa walio chini. Safu ya punje nyeupe ilizunguka pembeni, na waliochorwa pembeni walikuwa ishirini, Sikudhani akiwa mmoja wao.

Wakajaribu kufunika utepe kwa karatasi, karatasi ikageuka ya manjano na kufanya nyuso kuwa za wagonjwa. Wakajaribu kitambaa cha dukani, kikala mwanga wote. Wakajaribu nailoni, nayo iling'aa kuliko vanishi.

Ndipo alipokuja wa tatu, Bi Mwamvita Shebughe, mshonaji, mjane wa miaka sabini na kitu. Alikuwa amebeba bahasha ya nguo iliyofungwa kwa uzi. Akaifungua mbele ya Bi Mwanaheri. Ilikuwa bafta nyeupe, nyepesi, iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikalainika kama ngozi ya kitoto.

Bi Mwanaheri aliijua. Kila mwanamke wa umri ule huijua.

"Dada, hii ni sanda yako."

"Ni sanda yangu. Nimeitunza miaka tisa. Kila mwaka naifua, naianika ndani, naikunja. Kitambaa kipya kina wanga, hakipitishi mwanga. Hii haina wanga tena."

"Na wewe je, siku yako?"

"Siku yangu nitakuwa sioni," alisema Bi Mwamvita. "Hawa ndio wa kuonwa."

Akakaa kwenye cherehani siku mbili. Aliikata sanda vipande virefu, akaipinda, akaishonea kamba, na Kiondo, kwa mkono mmoja, akaitandaza juu ya ubao, mbali na utepe kiasi cha kiganja ili isishike joto. Vitone vikaingia ndani ya bafta na kupotea. Kikatoka kitu kimoja, mwanga mmoja, usio na chanzo, kama asubuhi ya mawingu. Dari ilipochungulia safari hii haikuona taa. Iliona weupe tu.

Ijumaa watu wakalala chali. Hakuna aliyefumba macho. Mtu mmoja akaita jina, na mwingine akaita jina, na ukumbi ukajaa majina. Bi Mwanaheri aliutazama mwanya. Akauona, na nyuma ya mwanya akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona hata madirisha yalipokuwa wazi: Fundi Hizza alikuwa amechora ncha ya ulimi, kama vile msichana yuko karibu kusema neno.

Furaha ile haikukaa. Fundi Hizza akaja na kopo la rangi na burashi. Akauliza, "Mama Sikudhani, ni nani aliyeziondoa taa machoni mwetu? Nimchoree nani?"

Watu watatu wakasimama.

Gervasi akasema, "Mimi ndiye niliyeona. Wote mlitazama, mimi nikaona. Kiondo angebandika na kubandua mpaka kiama bila kujua abandike wapi. Bila jicho, mkono hufanya nini?"

Kiondo akasema, "Mimi ndiye niliyefanya. Maneno ya Gervasi yalimalizika kwa dakika moja, kazi yangu haijamalizika mpaka leo mkononi mwangu. Bila mkono, jicho hufanya nini?"

Bi Mwamvita akasema, "Mimi ndiye niliyetoa. Jicho liliona na mkono ukafanya, na bado watu ishirini walikuwa na punje machoni. Gervasi alitoa alichokijua, na bado anakijua. Kiondo alitoa nguvu, na kijana hupata nguvu nyingine. Mimi nilichotoa sina tena."

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine walisema dereva hakupigilia hata msumari. Wengine walisema yule mama alikuja sahani imeshapakuliwa. Na wengi walisema, "Kiondo? Si yeye aliyebandika taa vibaya? Mtu akikumwagia maji kisha akakupangusa, utamlipa?"

Bi Mwanaheri akanyoosha mkono, wakanyamaza. Akauliza, "Kila mmoja aniambie anataka achorwe nani."

Gervasi alikuwa wa kwanza. Alikunja kofia yake mikononi.

"Jina lake silijui," alisema. "Jioni ile ya mwisho, mvua inanyesha, nilimpakia mwanamke njiani. Ana kapu la mayai, anakwenda ng'ambo ya mlima kumtazama dada yake aliyejifungua. Tulipofika hapa barabara ilikuwa imekatika. Nilimwambia, shuka, lala hapa, watu wa hapa ni wema, kesho utaendelea. Mimi ndiye niliyemshusha. Nilimpeleka mpaka kwenye nyumba ya kwanza yenye taa, nikagonga. Akafungua msichana ana kitana kichwani, anacheka, ana mwanya."

Bi Mwanaheri akashika ukuta.

"Alimwambia, 'Ingia, dada, utaloa. Leo nitalala na mgeni.' Nikageuza lori. Miaka yote hii napita hapa nanywa uji, nakutazama, mama, nashindwa pa kuanzia. Ninyi mnahesabu thelathini na saba. Ni thelathini na wanane. Yule hana anayemtafuta hapa, na kwao hawajui alipofia. Mimi ndiye kaburi lake."

Bi Mwamvita akafuata. "Mimi nataka mume wangu, Kupaza. Mnajua alivyochimba. Wengine walichimba mchana wakalala, yeye alichimba siku ishirini na nguo haikumkauka mwilini. Mwanaheri, kitana cha mwanao, chenye nywele zake, nani alikutolea udongoni?"

"Ni Kupaza," alisema Bi Mwanaheri.

"Ni Kupaza. Akalala kifua kinamkoroma, siku ya arobaini akafa. Nilipoomba achorwe, kamati ikasema huyu kafia kitandani, hakufa na mlima. Ndiyo, alikufa kitandani. Lakini ugonjwa ule aliutoa mle shimoni alimokuwa anawatafuta watu wenu."

Kiondo alibaki. Alisimama na kile kiwiko kilichopinda, na alizungumza polepole.

"Mimi sina la kusimulia. Mnajua wote ule mraba ulipimwa kwa ajili ya nani. Waliokufa ni thelathini na saba, waliochorwa ni thelathini na sita. Baba yangu alichonga mawe miguuni mwa mlima, na mlima ulipoanguka mkasema yeye ndiye aliyeukata miguu. Huenda. Mimi si mtaalamu wa milima. Lakini mawe yale aliwauzia nani? Msingi wa ukumbi huu ni mawe yake. Aliteremka na udongo kama walivyoteremka wenu. Mimi nina miaka saba nalala kwenye mkeka chini ya mraba mtupu."

Bi Mwanaheri hakuinua macho. Maana yeye ndiye aliyesimama siku ile, mbele ya kamati, akasema, "Akiwekwa Shelukindo, mwanangu mtoeni." Neno lile ndilo lililouacha mraba mtupu. Hakuwa na uhakika kama aliongea haki au uchungu, na sasa uchungu ulikuwa umezeeka, haki haijaonekana bado.

Fundi Hizza akasema, "Msinitazame mimi nigawanye uso. Nusu ya mtu siwezi kuchora."

Bi Mwanaheri akakaa kwenye mkeka. Akawaza: mmoja anamtaka yule aliyelala chumba kimoja na mwanangu usiku wake wa mwisho. Mmoja anamtaka yule aliyenirudishia nywele za mwanangu. Mmoja anamtaka yule niliyemfukuza mimi, na huyu anayemtaka ndiye aliyekubali kuvunjika kuliko kumgusa mwanangu. Kila upande aliogeukia alimkuta Sikudhani amesimama.

Mwisho akainuka, akawauliza swali moja. "Kama si wewe, ni nani? Wewe, Gervasi?"

Gervasi akasema, "Kama si mimi, ni Kiondo. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa nimelala. Yeye alianguka."

"Wewe, Kiondo?"

Kiondo akasema, "Kama si mimi, ni bibi. Kosa lilikuwa langu, na yeye hakukosea kitu, akatoa nguo yake ya mwisho kusafisha kosa la mwingine."

"Wewe, dada?"

Bi Mwamvita alimtazama dereva. "Kama si mimi, ni huyu. Kupaza nina kaburi lake, nalipalilia. Yule mwanamke hana hata jina la kuitwa."

Bi Mwanaheri akatikisa kichwa, maana majibu yalikuwa yamemzunguka na kumrudisha pale pale alipoanzia. Fundi Hizza alipanda jukwaani, kidato kimoja kimoja, akishikiliwa kiuno. Akalala chali chini ya mraba mtupu. Akachovya burashi, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto usitetemeke, akasema bila kugeuka, "Nipe mtu, mama. Mkono umetulia kidogo, sijui utatulia kwa muda gani."

Na watu wote walikuwa wamemtazama Bi Mwanaheri.

Haya, wasikilizaji wangu, mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Yuko aliyeona, yuko aliyetenda akiwa ndiye aliyekosea, yuko aliyetoa asichoweza kukipata tena. Nyuma yao wako watatu wasio na uso: mgeni, mchimbaji, na mchonga mawe. Mraba ni mmoja na burashi imeshainuliwa. Mngekuwa ninyi ndio Bi Mwanaheri, mngetaja jina gani? Je, nani alistahili?